Hofu ya Kuazima
Kila Oktoba ikiisha, klabu za Westlands hujaa barakoa za mafuvu na damu ya rangi. Mtandaoni nako watu wanaposti vitabu vya Stephen King, ati ni msimu wa kutisha. Sawa. Hata mimi namsoma. Lakini mbona hatuigi siri yake? King hutisha kwa sababu hadithi zake nyingi ziko Maine, jimbo alikozaliwa. Yeye anaogopa nyumbani kwake. Sisi tunaenda kuogopea kwake.

Ati Kiswahili hakina vitabu vya kutisha? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960: mauaji penye mzimu, na Bwana Msa anamsaka muuaji mwenye damu na nyama. Mwaka 1968 akaleta *Kisima cha Giningi*. Shida ni kwamba tumezoezwa kuona riwaya ya Kiswahili kama setibuku. KCSE ikiisha, unaitupa.

Mimi niliacha chuo. Sina mtihani. Nasoma nishtuke.

Basi, kabla hujanunua barakoa, tafuta Bwana Msa. Msome stima zikipotea. Hofu ya kuazima haikufuati hadi kwenye ngazi za ploti yako.