Lupita hakuokotwa njiani

Mwandishi anayesema mwigizaji Lupita Nyong'o "aliibuka ghafla" mwaka 2014 anaanza kuhesabu siku ya mavuno na kusahau miaka ya kulima. Sikubaliani naye hata kidogo.

Binti huyu alizaliwa Mexico mwaka 1983, wazazi wake Wakenya wakiwa uhamishoni, akakulia Kenya. Akiwa na miaka 14 alikwisha panda jukwaani Nairobi, na kundi la Phoenix Players, akicheza Juliet. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, alikuwa miongoni mwa watu wa nyuma ya kamera: kazi ya kutumwa huku na kule, ambayo haikumletea umaarufu wowote. Mwaka 2009 aliigiza katika tamthilia ya Shuga, na mwaka huohuo akatoa In My Genes, filamu aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe kuhusu Wakenya wenye ualbino. Ni nani anayefanya hayo yote huku akisubiri bahati imwangukie?

Kisha akarudi darasani, Chuo Kikuu cha Yale, kusomea uigizaji miaka mitatu. Ndipo akapata nafasi ya Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave, iliyompa Oscar mwaka huo wa 2014.

Mwandishi huyo atasema: lakini baba yake Lupita, Anyang' Nyong'o, ni mwanasiasa. Kweli, na nyumba yenye vitabu na nauli ya ndege inasaidia sana. Lakini jina la baba halikusimama mbele ya kamera kwa niaba yake.