Rais wa Zanzibar arudishiwe kiti cha Makamu



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na makazi yangu ni Soweto, Mbeya. Juzi mwanafunzi wa darasa la sita aliniuliza, "Mwalimu, babu anasema Rais wa Zanzibar ndiye Makamu wa Rais. Mbona wewe unasema siye?"

Nilimjibu kwamba babu hakosei, ila anasema ya zamani. Tangu Muungano wa Aprili 26, 1964, Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri kwa cheo chake. Hata Mzee Mwinyi, Mzanzibari, alipokuwa Rais wa Muungano mwaka 1985, Rais wa Zanzibar alibaki Makamu wa Pili. Kiti hicho kiliondolewa na Mabadiliko ya 11 ya Katiba mwaka 1994, akaletwa mgombea mwenza.

Wako wanaosema ilikuwa chuki kwa Wazanzibari. Mimi sikubali. Sababu ni vyama vingi vya mwaka 1992. Zamani, hasa baada ya TANU na ASP kuungana Februari 5, 1977, ugomvi wa pande mbili ulimalizwa ndani ya Chama. Januari 1984 hoja ya Mzee Aboud Jumbe juu ya Muungano haikufika mahakamani. Halmashauri Kuu ilikaa Dodoma, naye akajiuzulu. Mizani ilikuwa Chamani. Vyama vingi vilipokuja, Rais angeweza kutoka chama kimoja na Makamu wake chama kingine. Wala hofu hiyo haikuwa ya bure, maana mwaka 1995 Salmin Amour alipata asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad 49.8.

Lakini hofu ya vyama ililipwa kwa kiti cha Zanzibar. Ni kweli mgombea mwenza ana faida yake. Kwa njia hiyo Mama Samia aliapishwa kuwa Rais Machi 19, 2021. Hata hivyo, mgombea mwenza huletwa na chama na huchaguliwa kwa kura za nchi nzima, ambazo nyingi ziko huku Bara. Hawezi kusema kwa niaba ya Serikali ya Zanzibar. Rais wa Zanzibar mwenyewe amebaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri tu. Mwaka 2010 Wazanzibari waliandika katika Katiba yao kwamba Zanzibar ni nchi. Mimi sikushangaa.

Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014 ilitaka Rais wa Zanzibar awe Makamu wa Pili, na mgombea mwenza abaki. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa. Naomba Serikali ikichukue kifungu hicho peke yake na kukipeleka Bungeni, hata kama siku moja kitamkalisha mpinzani Ikulu pamoja na Rais.

Walimu wenzangu wananicheka, wanasema sisi wa Mbeya tudai mbolea. Mbolea nayo nadai. Lakini sisi wa Bara ndio wengi, na kiti kile kiliondolewa kwa kura zetu pia.

Mwanafunzi yule aliuliza tena, "Na chama kingine kikishinda Zanzibar, itakuwaje?" Nimemwahidi jibu muhula ujao.

Mwalimu wa Kijijini,
Soweto, Mbeya.