Seva ya zamani Nzega: Nakala ya data ikigoma leo na kupita kesho, anzia hapa

NZEGA: Nakala ya data inayogoma kila siku haina hatari sana, maana utaiona tu. Hatari ni ile inayopita leo, kesho inagoma, mpaka ofisi inazoea.

Kwenye seva iliyozeeka, pa kuanzia ni kumbukumbu zake: ilifeli usiku gani, saa ngapi? Linganisha na usiku ambao umeme ulikatika. Zikikutana, mshukiwa ni betri za UPS. Betri ndogo ya saa ndani ya seva nayo ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma, ratiba inavurugika. Zisipokutana, angalia diski: imejaa, au imechakaa?

Kutegemea intaneti peke yake si kinga. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, mtandao Tanzania ukayumba.

Kanuni ni nakala 3, hifadhi za aina 2, na 1 nje ya jengo, hata diski yenye nywila iliyopelekwa Tabora mjini. Halafu jaribu kuirejesha. Faili za wagonjwa au madeni ya wakulima zikishapotea, ni kuchelewa kugundua kwamba nakala ilikuwa tupu.