Tusinyweshane Haluli kwa Mazoea

Waliokulia pwani wanaijua ile siku ya mwisho wa likizo. Shule zinakaribia kufunguliwa, na watoto wanaitwa mmoja mmoja uani: kikombe cha haluli ya chumvi, au kijiko cha mafuta ya mbarika na kipande cha chungwa cha kuulia ladha. Hakuna aliyelalamika tumbo. Linaoshwa tu. Kutwa nzima foleni ni ya chooni, jioni uji mwepesi, na bibi ameridhika.

Sina ugomvi na mabibi. Walitulea kwa walichokuwa nacho. Ila desturi ile haikubaki uani. Leo imo kwenye chai za kupunguza kitambi, kwenye chupa za “kutoa sumu mwilini” zinazouzwa stendi, na kwenye vidonge tunavyoazimana kazini kama kalamu. Ombi langu kwenu, ndugu wasomaji, ni kwamba dawa ya choo inywewe kwa sababu inayojulikana, kwa kipimo, na baada ya kuuliza.

Tuanze na sababu. Wengi hudhani asiyepata choo kila siku ni mgonjwa. Si kweli. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, yote ni kawaida, mradi choo ni laini na mtu hajikamui. Hata mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishapita wiki zake za mwanzo, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe na neno, ikiwa ananyonya vizuri na tumbo lake ni laini. Huyo hahitaji haluli wala bomba la tangawizi. Anahitaji kuachwa.

Choo kikiwa kigumu kweli, mara nyingi chanzo kiko karibu. Ni sembe nyeupe mchana na usiku, mboga vijiko viwili. Ni dereva wa basi anayekwepa maji ili asisimame njiani, na mtoto wa kike anayejizuia mpaka arudi nyumbani kwa sababu choo cha shule hakina mlango. Ni mjamzito anayetafuna pemba, ule udongo wa sokoni, huku kliniki wamempa vidonge vya kuongeza damu ambavyo navyo hukaza choo. Mama huyo asiviache vidonge. Amwambie muuguzi, atasaidiwa. Dawa kali za maumivu, kama kodeini na mofini, hufunga choo karibu kwa kila anayezitumia kwa siku nyingi, kwa hiyo anayemuuguza mzee nyumbani aulize mapema kama dawa ya kulainisha imeandikwa pamoja nazo.

Dona, maharage, matembele, papai na maji ya kutosha humaliza kesi nyingi, ingawa si kwa siku moja. Anayetumia choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande. Wanaochuchumaa wameshapata mkao huo bila kufundishwa.

Lakini tuseme yote hayo yameshindikana na umefika dukani. Dirishani kwa muuza dawa, ambaye sote tunamwita dokta, mtu mzima hushusha sauti: “Dokta, nipe ile ya tumbo.” Dokta anauliza, la kuharisha au la kufunga? Nyuma wamesimama watu watatu, mteja anajibu kwa ishara. Vidonge vinaingia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, imeandikwa 1x1, kwisha. Wengine huona haya zaidi, wakamtuma mtoto.

Katika bahasha hiyo mara nyingi mna bisakodili. Kidonge chake kimepakwa ganda lililotengenezwa lisiyeyuke kwenye mfuko wa chakula, bali mbele, utumboni. Ukikitafuna, ukikisaga, au ukikishushia kwa maziwa au dawa ya kiungulia, ganda huachia mapema na msokoto wa tumbo utakuamsha. Tena hufanya kazi baada ya saa sita hadi kumi na mbili. Aliyemeza saa mbili usiku atarajie asubuhi. Akiongeza vingine saa sita usiku kwa kuona kimya, kesho atashinda chooni mpaka miguu ilegee. Sanamaki nayo huchukua muda kama huo. Laktulosi, ile dawa ya maji tamu, inaweza kuchukua siku mbili. Maganda ya isabgoli yanataka maji mengi na yasinywewe wakati wa kulala, maana yakikosa maji huvimba na kuziba njia yenyewe. Ukijitibu wiki nzima bila nafuu, nenda ukaonwe.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa maduka ya dawa, mvuteni mteja pembeni. Muulizeni ana siku ngapi, ana mimba, ana figo, anameza dawa gani nyingine. Mwenye figo dhaifu haifai kabisa apewe haluli ya chumvi, kwa sababu magnesiamu iliyomo inabaki mwilini mwake na kudhoofisha moyo na pumzi. Mjamzito asipewe mafuta ya mbarika. Yanaweza kuchochea uchungu.

Na kuna tumbo lisilopaswa kupewa dawa yoyote ya kuendesha: linalouma sana na kutapisha, lililojaa na kuwa gumu, lisilotoa hata upepo. Huenda utumbo umeziba, au ni kidole tumbo, na dawa itaharakisha kupasuka. Huyo ni wa hospitali, usiku huo huo. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, au choo kubadilika kwa wiki kadhaa navyo havisubiri papai.

Kuhusu chai za kitambi nitasema kidogo tu, kwa kuwa biashara yake inaniudhi. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki iliyomo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, mambo yakiwa yameshakwisha. Mizani inashuka kwa maji uliyopoteza, na pamoja na maji inaondoka potasiamu ambayo moyo unaitegemea.

Sasa kuna mahali ambapo kosa letu ni la upande wa pili. Ukipangiwa kolonoskopi, yaani kuingizwa kamera kwenye utumbo mpana, utapewa unga wa kuchanganya na lita mbili hadi nne za maji. Una chumvichumvi, unachosha koo, na watu wengi huishia nusu jagi wakisema tumbo limeshaendesha vya kutosha. Halijatosha. Kinachotakiwa ni kutoka majimaji ya manjano yanayopenya mwanga, kama mkojo. Uchafu ukibaki, uvimbe mdogo unaoweza kuja kuwa saratani hujificha chini yake, na huenda ukarudishwa kuanza upya. Ipoze dawa kwenye friji, kunywa glasi kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, na ile sehemu ya pili uliyoambiwa unywe alfajiri usiihamishie usiku ili ulale. Chai ya rangi na mchuzi uliochujwa vinaruhusiwa. Juisi ya rozela hapana, wekundu wake unaonekana kama damu.

Wiki moja kabla, mtajie daktari kila unachomeza, hasa dawa za kisukari, za kuyeyusha damu, na vidonge vya kuongeza damu, kwa maana hivi vya mwisho huacha weusi unaonata utumboni. Usijichagulie dawa ya kusafishia. Mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kwenye vidonge vya fosfeti ya sodiamu vya kazi hiyo baada ya watu kuumia figo, na mwaka 2014 ikaonya tena juu ya zile za fosfeti zinazouzwa bila cheti. Na siku ya kipimo nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa sababu ukichomwa sindano ya usingizi hushiki usukani wala hupandi bodaboda mpaka kesho yake.