Krediti Tano za Kiswahili

Kila Jumapili asubuhi soko kubwa hutandazwa kuzunguka stesheni ya Gare du Midi, hapa Saint-Gilles, na wengi wetu tunaopanga mitaa ya jirani hununua huko nyanya, vitunguu na pilipili za wiki nzima. Muuza zeituni akipata mteja Mreno humwita kwa Kireno. Akija Mmoroko, hugeuza ulimi papo hapo. Jumatatu tunapanda tramu kwenda darasani kusomea uzamili wa usimamizi wa biashara, na huko tunaelezwa, slaidi baada ya slaidi, kwamba kumjua mteja ndio mwanzo wa biashara. Hatujawahi kuulizwa mteja huyo anazungumza lugha gani.

Msimu wa kuchagua kozi za mwaka ujao umekaribia, na ndiyo maana tunaandika sasa. Tunaona kwamba Kiswahili kinastahili kuwa kozi ya kuchagua katika shahada za uzamili za biashara, chenye mtihani na krediti zake, na si burudani ya Alhamisi jioni kwa wanaopenda wimbo na sambusa. (Sambusa zibaki. Hatuna ugomvi nazo.)

Brussels si mgeni wa elimu ya biashara. Mwaka 1903 Ernest Solvay, aliyetajirika kwa kutengeneza magadi ya viwandani, alianzisha shule ya biashara katika Université libre de Bruxelles, na mpaka leo shule hiyo inabeba jina lake. Mtu huyu mwenyewe hakusoma chuo kikuu; ugonjwa wa mapafu ulimzuia akiwa kijana, akajifunza kazi katika kiwanda cha mjomba wake. Shule yake ikajulikana kwa kuchanganya sayansi na hesabu za biashara, maana meneja wa kiwanda asiyejua kinachochemka ndani ya mtungi atadanganywa na kila fundi. Hoja hiyo tunaikubali, na tunaisogeza hatua moja tu: meneja asiyeelewa wanachosema watu walioshika koleo naye atadanganywa, au atajidanganya.

Wakubwa wa biashara wa mji huu waliwahi kulijua jambo hilo vizuri sana, tena kwa nia isiyopendeza. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Wafanyakazi wa migodi ya Katanga waliletwa kutoka pande nyingi, Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Vijitabu vya Kiswahili viliandikwa kwa ajili ya wasimamizi Wazungu. Ukivifungua utakuta amri nyingi: leta, beba, ngoja, fanya upesi. Maswali ni machache, na yaliyopo ni ya msimamizi anayetaka kujua kwa nini kazi haijaisha. Hicho kilikuwa Kiswahili cha kuamuru. Lakini walau walitambua kwamba bila lugha hiyo shaba isingetoka ardhini.

Miaka mia na zaidi imepita. Union Minière tangu mwaka 2001 inaitwa Umicore, na makao yake makuu yangali hapa Brussels. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, sehemu kubwa kutoka Kolwezi na mazingira yake, na Kolwezi watu wanazungumza Kiswahili. Tangu tarehe 1 Januari 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka waagizaji wa bati, tantali, tangsteni na dhahabu kuchunguza chanzo cha madini yao ili yasiwe yanalisha vita. Kwa hiyo katika shule za biashara za Ulaya tasnifu za uzamili kuhusu mnyororo wa ugavi wa madini ya Kongo si jambo geni. Wanaoziandika ni vijana makini, wengine rafiki zetu. Wanasoma ripoti za Kiingereza zilizoandikwa na watu waliosoma ripoti za Kifaransa. Mchimbaji mdogo mwenyewe anaonekana kwenye picha ya jalada.

Tutoe mfano mmoja wa karibu. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Bukavu, alifanya tasnifu kuhusu likelemba, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu ambao Dar es Salaam unaitwa upatu. Aliwahoji kina mama Wakongo wa hapa Brussels. Hojaji ilikuwa ya Kifaransa, kama msimamizi wake alivyoelekeza, na swali la saba liliuliza namna kikundi kinavyodhibiti hatari ya mwanachama kutolipa. Karibu wote walijibu kwamba hakuna hatari. Kwa mujibu wa takwimu, basi, kina mama hawa walikuwa hawajui maana ya hatari ya mkopo.

Baadaye akarudi kwa mmoja wao bila karatasi, akamwamkia kama anavyomwamkia shangazi yake, na akauliza swali lilelile kwa Kiswahili cha Bukavu. Mama akacheka. "Asipolipa, atapita wapi? Kanisani tuko, dukani tuko, kwenye matanga tuko." Kisha akaeleza kwa nusu saa: nani hupewa zamu ya kwanza na kwa nini, nani huwekwa mwisho mpaka ajulikane, mdhamini hulipa nini, na mwenye msiba husogezwaje mbele. Huo ulikuwa mfumo kamili wa kupima wakopaji, wenye dhamana yake, na dhamana yenyewe ni aibu. Sura nzuri kuliko zote katika tasnifu ile ilitoka kwenye nusu saa hiyo. Ilibidi aitafsiri yote, na krediti alizopata kwa kujua lugha iliyoifungua ni sifuri.

Tunajua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za biashara. Anayesema hivyo hajapita Kariakoo. Mtaji, faida, riba, amana, hawala, dalali, rehani, mali kauli: maneno haya yalikuwa yakifanya kazi mwambaoni na sokoni kabla ya yeyote kati yetu kusikia neno MBA. Mkulima wa korosho wa Mtwara anajua stakabadhi ghalani ni nini, na anaweza kukueleza kasoro zake pia. Hata somo la uwekaji hesabu wazee walilifupisha: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunachokosa ni mwalimu wa fedha na mwalimu wa Kiswahili kukaa meza moja.

La pili lina uzito zaidi, na linatoka kwetu wenyewe. Wenzetu kadhaa wanauliza: tumekuja mpaka huku, tumekopa nauli, tumethibitisha fedha ubalozini, ili tusome lugha tuliyonyonya na maziwa ya mama? Tunawaelewa. Shahada ni mali, na kila mmoja anataka ile itakayouzika. Lakini kozi tunayoiomba inamfaa kwanza Mbelgiji, Mfaransa na Mhindi wa darasa letu, atakayetumwa Lubumbashi au Mombasa akiwa na kompyuta na tabasamu. Na hata sisi, tuseme kweli, tukiambiwa tueleze mtiririko wa fedha kwa Kiswahili mbele ya kikundi cha akiba na mikopo cha kijijini kwetu, tutaanza kuchanganya Kiingereza kabla ya sentensi ya pili.

Kwa hili hatuilaumu Ulaya peke yake. Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha kwa Kiingereza, katika mji ambao biashara yake yote ya mtaani ni Kiswahili; na Shule ya Biashara ya Makerere pale Nakawa, iliyoanzishwa mwaka 1997, haina tofauti kwa hilo. Mwanafunzi wa uzamili anamhoji machinga kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiingereza, anahifadhi maktabani, na machinga hajui kamwe alichosaidia kugundua. Ikisiri ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, iliyobandikwa kwenye ofisi ya soko, ingegharimu nini? Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022, na mwaka huohuo Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Azimio limeshapita. Fomu za kozi ndizo hazijabadilika.

Hesabu yetu ni ndogo. Uzamili wa miaka miwili hapa Ubelgiji una krediti 120. Tunaomba 5, yaani kama saa 125 mpaka 150 za kazi ya mwanafunzi, na ziwe za hiari. Mwalimu hatafutwi mbali: Chuo Kikuu cha Gent kinafundisha Kiswahili, na treni kutoka Gare du Midi hufika huko kwa takriban nusu saa. Mtihani usiwe wa ngeli peke yake. Mwanafunzi apewe kazi ya kumhoji mfanyabiashara mmoja mzungumzaji wa Kiswahili, aandike daftari lake la mapato na matumizi kwa lugha hiyo, na amsomee mwenyewe ili asahihishwe.

Barua ya maombi tumekwisha kuiandika, kwa Kifaransa na Kiingereza, na nakala ya Kiswahili ili nasi tuielewe. Ina saini za wanachama. Kanuni inataka walimu wawili waiunge mkono kabla haijapelekwa kwenye baraza la mitaala, na mpaka tunapokwenda mitamboni tumepata mmoja.