Mwulizeni Mama Habari za Baba

Katika misiba yetu ya siku hizi kuna karatasi moja isiyokosekana: historia fupi ya marehemu. Husomwa chini ya turubai kabla jeneza halijanyanyuliwa, na msomaji mara nyingi ni mpwa au jirani mwenye sauti ya kufika mbali, kwa kuwa watoto wenyewe hawajiwezi. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akastaafu, akaugua, akafariki. Ameacha mjane, watoto saba na wajukuu kumi na mmoja. Kisha karatasi inakunjwa na watu wanaelekea makaburini.

Sina ugomvi na karatasi hiyo. Huandikwa usiku mmoja na watu waliochoka kulia, ambao bado wana kazi ya kutafuta gari, mchele na viti vya kukodi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoiacha iwe neno la mwisho juu ya mtu aliyetulea. Mjane anatajwa mle kwa neno moja tu, katika hesabu ya walioachwa, ilhali yeye ndiye aliyelala na kuamka na marehemu miaka arobaini. Nani alimwuliza?

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, mjini Tanga. Sisi watoto tulimjua kwa ukali wake na kwa uchache wa maneno. Sare za shule alizishona na pindo pana, vidole vinne vizima, kuliko fundi yeyote wa mtaa ule, nasi tukadhani ni mtindo wake tu. Mama ndiye aliyetueleza, eda ilipokwisha, kwamba baba alikuwa akiwashonea watoto wa watu mwaka wa pili na wa tatu. Pindo lilifumuliwa, sketi ikashushwa, mzazi hakununua nyingine. Alikuwa akijipunguzia wateja kwa mkono wake mwenyewe, na mama alimgombeza kwa hilo, maana hata nyumbani kwetu unga ulipimwa kwa kikombe. Jibu lake lilikuwa lile lile kila mara: “Mtoto hakuomba ruhusa ya kurefuka.”

Jambo la pili mama alilisema kwa kusitasita, akicheka chini kwa chini. Alipokuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, baba aliamka kila siku kabla ya adhana ya alfajiri, akateka maji bombani ndoo baada ya ndoo mpaka pipa likajaa, ndipo akatawadha na kwenda msikitini. Hakutaka majirani wamwone wakasema amelishwa limbwata. Wala hakutaka mkewe ainame na ndoo. Miaka yote hiyo tulijua kuwa pipa hujazwa na mama.

Hayo hayakuwamo katika historia fupi. Yasingeweza kuwamo, kwa kuwa aliyeiandika alikuwa kaka yetu mkubwa, na hata yeye hakuyajua. Baba wa zamani hakujieleza kwa watoto wake. Alijieleza kwa mkewe, tena usiku, taa ikiwa imeshushwa. Kwa hiyo mtu akitaka kumjua baba yake aliyekufa, mlango wa kwanza wa kubisha ni wa mama.

Wala hili si jambo geni kwetu. Mwaka 1856 alifariki Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Wanahistoria wanamtaja kwa vita, kwa kuwa alikataa kumnyenyekea Seyyid Said wa Zanzibar na akapigana na majeshi yake. Ukisoma hao tu utamjua mtu wa ngome na bunduki. Lakini alikuwa na mke, Mwana Kupona binti Mshamu, na mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, mjane huyu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Shuleni tumefundishwa kuusoma kama orodha ya wajibu wa mke, na wapo wanaoupenda kwa hilo na wapo wanaouchukia kwa hilo hilo. Kwa maoni yangu pande zote mbili hupita haraka mno mahali penye uhai wake, pale mama anapomwambia mwanawe jinsi alivyoishi na babake kwa furaha na vicheko, bila ugomvi, mpaka kifo kilipowatenganisha wakiwa radhi. Kwa beti hizo chache binti alijua kwamba yule mpiganaji wa Siyu alikuwa mtu wa kucheka nyumbani kwake. Habari hiyo nani mwingine angempa?

Sasa tazameni tunavyowafanyia akina Mwana Kupona wetu. Matanga hayajaanuliwa, wanaume wa ukoo wamekwisha kujitenga chumbani. Mjane anaitwa, anaulizwa hati ya nyumba iko wapi, kadi ya benki iko wapi, nani alikuwa anadaiwa. Mirathi ni haki, na kuigawa kwa mujibu wa sheria ni wajibu. Kwa Waislamu mke mwenye watoto fungu lake ni thumni, na ole wake anayemdhulumu. Lakini mjane anayehojiwa kuhusu mali peke yake hujifunza kunyamaza. Akishazoea kunyamaza, hata swali la heri hulijibu kwa ufupi, kwa hofu kwamba nyuma yake kuna shamba. Nimeona familia zilizogombania nyumba ya vyumba viwili miaka sita, na mwisho hakuna aliyejua mzee aliijenga vipi, matofali aliyapata wapi, wala kwa nini mlango aliuelekeza uani.

Watu wengine wataniambia kwamba kumchimba marehemu ni hatari, kwamba huenda yakafumka yasiyopendeza. Kweli tumefundishwa kuwataja maiti wetu kwa mema, nami sipingi. Ila kumtaja mtu kwa mema si kumzulia umalaika. Mjukuu akiambiwa kuwa babu hakukasirika hata siku moja, anasikiliza kwa adabu na haamini. Mwambieni babu alikuwa mkali, alitupa sahani siku fulani, na kesho yake alfajiri akaenda mwenyewe sokoni kununua nyingine asiseme neno. Huyo atamwamini, tena atampenda. Yapo pia ya ndani ambayo mama ataamua kuyazika, na hapo usimsukume. Ni yake.

Halafu kuna suala la kuandika. James Mbotela wa Freretown, Mombasa, alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kutekwa utumwani kisha akakombolewa. Aliyoyasikia kwa babake aliyatia kitabuni, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Wasomi wamekikosoa kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na wana haki yao. Hata hivyo, ni wangapi waliokombolewa wakakaa Freretown, wakazaa, wakazeeka, wakasimulia wajukuu jioni kwa jioni, na leo habari zao hazipo popote? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ni mali inayopotea upesi kuliko fedha, kwa sababu mwenye nayo huzeeka nayo.

Basi nunueni daftari. Simu zenu zina vinasa sauti, vitumieni, lakini sauti peke yake haitoshi, kwa kuwa simu huibwa na huanguka majini. Andikeni. Zile picha za studio zilizofifia zitoeni kabatini, mama aseme nani ni nani, na majina yaandikwe kwa penseli nyuma ya kila moja. Msimwendee siku za mwanzo za eda, wala msimwendee na orodha ya maswali kama makarani wa sensa. Kaeni naye anapochambua mchele. Mwulizeni kitu kidogo: mshenga alikuwa nani, mahari nani alibisha, ile redio ilinunuliwa kwa mshahara wa kazi gani. Kitu kidogo ndicho kinachofungua mazungumzo. “Niambie kuhusu baba” ni swali zito, litamliza tu.

Nanyi wanaume mlio hai, msiwaachie wake zenu kazi yote. Waambieni watoto wenu angalau mlivyopata kazi ya kwanza, na mlivyofukuzwa ya pili.

Anayesoma haya na mama yake yu hai, na aende kwake mwisho wa juma hili. Akiwa mbali, ampigie simu leo, asiishie kwenye kuuliza mguu unaendeleaje na dawa amekunywa. Amwulize baba alikuwa akichekeshwa na nini, kisha anyamaze asikilize.