Tiba kwa Simu Yataka Ukweli na Siri

Miongoni mwa maradhi ambayo askari huona haya kuyataja mbele ya wenzake ni yale ya tumbo, hasa yanapofuatana na damu chooni. Mara nyingi damu hiyo hutokana na amiba au kuhara damu, na dawa za siku chache hutosha. Lakini wako wenzetu ambao hurudia dawa hizo mwezi baada ya mwezi bila kupona, kwa kuwa walio nao ni uvimbe sugu wa matumbo. Huu una aina mbili kubwa. Ya kwanza, iitwayo ugonjwa wa Crohn, yaweza kushika popote tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa. Ya pili hutia vidonda katika utumbo mpana.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si dalili ya uvivu. Ziko dawa za kuutuliza, lakini hata ukitulia kwa miezi mingi huweza kuchachamaa tena ghafla. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kufuatiliwa na mganga kwa miaka, na hapo ndipo taabu ya askari inapoanza. Aliyepangwa kulinda mpaka huko Kaabong hawezi kufika Mulago kila anapoitwa, na polisi anayehamishwa mara kwa mara huanza upya kwa mganga asiyemjua.

Nchi nyingine zimejaribu kuipunguza taabu hiyo kwa njia ya simu na mtandao. Huko Uholanzi wagonjwa 909 wa hospitali nne walifuatiliwa kwa miezi 12, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Nusu yao hivi walijibu maswali kuhusu hali zao kwa mtandao, na wengine wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Kwa kila wagonjwa 100, waliotumia mtandao walikwenda kliniki mara 155 kwa mwaka, na wenzao mara 234. Kulazwa hospitalini kulikuwa mara 5 dhidi ya mara 10, na ugonjwa haukuchachamaa zaidi kwa sababu ya kukosa safari hizo.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba simu ni dawa. Huko Marekani wagonjwa 348 walijaribiwa kwa mwaka mmoja, baadhi yao wakiulizwa hali zao kwa ujumbe mfupi wa simu kila juma au kila baada ya majuma mawili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ugonjwa wao haukutulia kuliko wa wale waliotibiwa kwa desturi. Faida ya simu basi ni kumwondolea mgonjwa safari zisizo za lazima na kumwezesha mganga kujua mapema mambo yanapoharibika.

Yapo pia ambayo simu haiwezi kuyafanya kamwe. Haiwezi kupapasa tumbo, wala kuchungulia utumbo kwa kamera. Kifua kikuu cha matumbo hufanana sana na ugonjwa wa Crohn, na baadhi ya dawa za kutuliza uvimbe huweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa sababu hiyo ugonjwa hupaswa kutambuliwa hospitalini kwanza, ndipo simu ifuate. Na mgonjwa mwenye homa kali, tumbo lililojaa na kuuma mno, kutapika kusikokoma au damu nyingi, asingoje kujibiwa ujumbe. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote tunakiona ndani ya kambi zenyewe. Utaratibu huu wote hutegemea mgonjwa kusema kweli: amekwenda choo mara ngapi, ameona damu au hakuona, amekunywa dawa au ameziacha. Askari anayehofu kwamba majibu yake yatasomwa na mkubwa wake, kisha anyimwe cheo au aitwe goigoi, atajibu kila juma kwamba hajambo. Mganga ataamini, dawa haitabadilishwa, na utumbo utazidi kuharibika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi twaongeza kwamba wanaomfanya mtu ayafiche nao wana lawama.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa zile zinazopewa ulinzi wa pekee. Kamanda ana haki ya kujua kama askari wake anafaa kwa doria au apewe kazi nyepesi. Hana haja ya kujua amekwenda choo mara ngapi. Vivyo hivyo, ujumbe wa mgonjwa kwa mganga usitaje kikosi kilipo wala kinapoelekea. Mambo hayo hayatibu tumbo.

Twaomba basi kila zahanati ya kambi iwe na mwuguzi mmoja aliyekabidhiwa wagonjwa hawa, simu ya kazi hiyo peke yake, na dawa za kutosha kabla kikosi hakijaondoka, maana dawa jamii ya steroidi hazikatishwi ghafla bila hatari. Nawe askari uliyeona damu kwa zaidi ya juma moja, nenda ukamwambie mganga leo.